Mwongozo kamili: kuchanganya fumbo na mahaba kwenye stori za zamani za mapenzi ya jinsia moja bila kimoja kumeza kingine

Mshika mbili moja humponyoka, na kama hujawahi kuiamini hiyo methali basi jaribu kuandika stori ya mapenzi yenye maiti ndani. Nimesoma rasimu nyingi za namna hii na mwenyewe ninazo tatu zilizonifia mkononi, na ugonjwa ni uleule kila mara: sura tano za mwanzo mtu kafa, mpelelezi yupo, kila mmoja anashukiwa, mambo moto, afu wale wawili wanabusiana na maiti inasahaulika mpaka sura ya kumi na tisa ndo mtu anakumbuka kwamba kumbe kuna mtu aliuawa. Au inakuwa kinyume chake, upelelezi unakimbia mpaka mwisho, na mapenzi yamebaki kuangaliana tu kwenye korido.

Zamani niliamini dawa yake ni mizani, yaani sura moja upelelezi, sura moja mahaba, nusu kwa nusu. Sio kweli bana. Ukigawa hivyo unapata stori mbili zilizofungwa pamoja kwa kamba, na msomaji ataruka ile asiyoipenda. Sasa sisi tunaoandika kuhusu wanaume waliopendana au wanawake waliopendana miaka ya zamani tuna bahati ambayo wenzetu hawana: mapenzi yenyewe tayari ni siri, na mara nyingi siri hiyo tayari ina polisi nje ya mlango. Kwa hiyo kazi yako sio kugawa. Kazi yako ni kufanya fumbo na mapenzi vile chakula kwenye sahani moja.

Nitatumia mfano mmoja toka mwanzo hadi mwisho ili tusipotezane. London, mwaka 1891. Mzee tajiri kakutwa amekufa ofisini kwake nyumbani, saa yake ya ukutani imesimama saa tano na dakika ishirini usiku. Mshukiwa ni karani wake. Usiku huo karani alilala kwa fundi saa, kwenye chumba kilicho juu ya karakana, na huyo fundi ndo anayekuja kila wiki kutia ufunguo saa za mzee. Wawili hao wanapendana. Majina sijawapa makusudi, wewe wape unayotaka.

Hatua ya kwanza: tafuta usiku mmoja unaobeba vyote viwili

Kabla hujafikiria muuaji ni nani, jiulize usiku wa tukio wapenzi wako walikuwa wapi. Jibu zuri kuliko yote, na ndo nalirudia kila nikiulizwa, ni kwamba walikuwa pamoja. Hapo umepata kitu kitamu sana: mshukiwa ana ushahidi kamili kwamba wakati mtu anauawa yeye alikuwa sehemu nyingine, ila ushahidi wenyewe hausemeki. Karani akifungua mdomo kujiokoa na kitanzi anamtia mpenzi wake jela na yeye mwenyewe pia. Akinyamaza ananyongwa.

Lakini usiishie hapo maana msomaji mjanja atauliza, si bora jela kuliko kamba, kwa nini fundi asiende tu polisi aseme? Swali la haki kabisa. Majibu yapo mawili. La kwanza ni la kisheria, baraza la mahakama likisikia kwamba shahidi ni mpenzi wa mshukiwa litamwona mshirika wa uhalifu, sio shahidi. La pili ndo linaloifanya stori iwe stori: fundi hana uhakika. Usiku ule alishtuka usingizini, akapapasa pembeni, akakuta shuka la baridi. Karani alikuwa ametoka. Alirudi baada ya muda, miguu kama barafu, na fundi akajifanya kalala.

Umeona kilichotokea? Swali la upelelezi (karani alienda wapi usiku ule?) na swali la mapenzi (naweza kumwamini huyu mtu?) yamekuwa swali moja. Kuanzia hapo hata ukitaka kuandika sura ya upelelezi mtupu hutaweza, kila anachokigundua fundi kinamgusa kitandani kwake. Ukishindwa kupata usiku wa namna hii kwenye stori yako usianze kuandika bado, kaa nayo.

Hatua ya pili: sheria kwanza, nguo baadaye

Wengi wakisikia stori ya zamani wanakimbilia kutafuta mitindo ya kofia na magari ya farasi. Hayo yatakuja. Kwanza jua sheria ya mahali na mwaka wako, kwa sababu ndo itakayokuambia siri inagharimu kiasi gani, na gharama ya siri ndo taharuki yako.

Angalia Uingereza peke yake. Toka 1533 adhabu ya wanaume kulalana ilikuwa kifo, na wa mwisho kunyongwa kwa kosa hilo walikuwa James Pratt na John Smith, Novemba 1835, na kesi yao ilitokana na mwenye nyumba aliyechungulia tundu la ufunguo. (Soma tena hiyo, tundu la ufunguo. Ukitaka kujua shahidi wa hatari kwenye stori zako anafananaje, ni huyo mwenye nyumba, wala sio inspekta mwenye masharubu.) Adhabu ya kifo ikafutwa 1861. Afu 1885 ikaja sheria mpya iliyohukumu "uchafu" wowote kati ya wanaume, hata wakiwa faragha, kifungo hadi miaka miwili, na hiyo ndo iliyomtia mwandishi Oscar Wilde jela 1895, miaka miwili na kazi ngumu. Mtu asome haraka haraka ataona 1885 ni nafuu kuliko 1835. Kwa mwandishi wa mafumbo ni mbaya zaidi, kwa sababu ushahidi uliohitajika ulipungua, barua moja tu ya mahaba ikawa na uzito, na wale watu wanaoishi kwa kutishia wenzao "nipe hela au naimwaga siri" wakapata soko. Watu wenyewe wa wakati ule waliipa sheria hiyo jina la hati ya hao watishaji.

Vuka bahari kidogo mambo yanabadilika. Ufaransa iliondoa kosa hilo kwenye sheria zake 1791, kwa hiyo stori ya Paris ya 1850 haiwezi kuendeshwa na hofu ya kunyongwa, itaendeshwa na kashfa, familia, na polisi waliokuwa wakiwafuatilia watu hata bila kosa hilo. Ujerumani kulikuwa na kifungu cha 175 kilichokataza wanaume kulalana, toka dola lilipoungana 1871, kikadumu kwa sura mbalimbali hadi 1994, na bado Berlin ya miaka ya 1920 ilikuwa na baa zilizojulikana na taasisi ya Magnus Hirschfeld, daktari aliyechunguza mambo ya mapenzi na jinsia, iliyofunguliwa 1919, kabla vijana wa Kinazi hawajaivamia Mei 1933. Yaani mji mmoja, sheria ileile, lakini stori ya 1926 na stori ya 1934 ni dunia mbili. Marekani 1953 rais alitia saini amri iliyofanya wafanyakazi wengi wa serikali kufukuzwa kazi kwa sababu hii, na hapo hata maiti huihitaji, faili moja ofisini linatosha.

Na wanawake? Hapa wengi wanakosea vibaya, wanachukua sheria ya wanaume wanambandika mwanamke. Uingereza haikuwahi kuwa na sheria ya kuharamisha mapenzi ya wanawake wawili, walijaribu kuipitisha bungeni 1921 ikashindikana. Kwa hiyo hofu ya mwanamke kwenye stori yako isiwe polisi. Iwe hela, ndoa ya kulazimishwa, ndugu wa kiume anayeshika mali, au jina kuharibika. Edinburgh 1810 walimu wawili, Marianne Woods na Jane Pirie, walisemwa na mwanafunzi mmoja tu, na ndani ya siku chache wazazi wakawa wameondoa watoto wote shuleni. Walifungua kesi ya kuchafuliwa jina na mwishowe wakashinda, ila shule ilikuwa imeshakufa. Neno moja la mtoto, basi. Huhitaji kisu.

Pia chungulia taratibu za mahakama na polisi za mwaka wako. Kwenye mfano wetu wa 1891 kuna kitu ambacho nilipokigundua nilipiga makofi peke yangu: Uingereza mshitakiwa wa mauaji hakuruhusiwa kutoa ushahidi kwa kiapo kwenye kesi yake mwenyewe mpaka sheria ilipobadilika 1898. Kwa hiyo karani hata akitaka kujieleza kizimbani hawezi kula kiapo akaulizwa kama shahidi. Lazima mtu mwingine amsemee. Na alama za vidole zisahau, Scotland Yard, yaani polisi wa London, ilianzisha ofisi yake ya alama hizo 1901. Ila sumu ya aseniki ilikuwa inapimika toka 1836, usimfanye daktari wako mjinga bila sababu.

Hatua ya tatu: maneno yao, sio yetu

Hii nitaipita haraka. Lile neno la kitaalamu la Ulaya la mtu anayependa jinsia yake lilichapishwa mara ya kwanza 1869, kwa hiyo mhusika wako wa 1780 hawezi kujiita hivyo wala kujifikiria hivyo. Mwache aseme "rafiki yangu", "mwenzangu", "yule". Msomaji ataelewa, tena atafurahi kuelewa kabla hajaambiwa. Alama nazo zinafaa kuliko maneno, mfano ua la mkarafuu lililopakwa kijani ambalo Wilde na marafiki zake walivaa usiku wa kwanza wa mchezo wake wa kuigiza mwaka 1892. Kitu kama hicho ni mapenzi na ni dalili kwa wakati mmoja, ila usikirundike, kimoja kinatosha.

Hatua ya nne: ficha dalili ndani ya mahaba

Hapa nitakaa, maana hapa ndo penye kazi yenyewe.

Msomaji wa mafumbo anasoma akiwa amekaza macho. Ukimwonyesha chumba cha maiti anahesabu kila kitu: glasi, zulia, dirisha. Lakini msomaji huyohuyo akifika kwenye sini ya mapenzi analegea, moyo unampiga, anasubiri watagusana lini. Basi hapo ndo umfichie dalili. Hakuna mahali pazuri zaidi, na haki umemtendea maana dalili umeiweka wazi mbele yake.

Kwenye mfano wetu fumbo linatatuliwa na saa. Saa nyingi za zamani za kugonga zilikuwa na gurudumu lenye mapengo linalohesabu magongo, na gurudumu hilo halifuati mishale, lenyewe linajua tu kwamba baada ya gongo la tisa linakuja la kumi. Ukisukuma mishale kwa haraka ukapita saa kadhaa bila kusubiri kengele imalize, magongo yanaruka, na kuanzia hapo saa inaonyesha kitu kingine na kugonga kitu kingine. Muuaji, ambaye ni mpwa wa mzee, aliua mapema usiku ule, akasukuma mishale mpaka saa tano na dakika ishirini, akaisimamisha, akaenda kukaa na watu mbele ya macho yao. Hakujua habari ya gurudumu. Fundi atakuja kuiwasha saa ile, mishale ifike saa sita, na badala ya kugonga mara kumi na mbili itagonga kumi.

Sasa ukimweleza msomaji habari za gurudumu kwenye sura ya upelelezi, kwisha, kashajua. Kwa hiyo unamweleza sura ya pili, kabla ya maiti, hivi:

*Karani aliinamia meza, taa ikamwangaza shingo. Fundi alikuwa amefungua saa, matumbo yake yote nje.*

*"Na hili?"*

*"Hilo linahesabu magongo." Alimshika kidole, akakipitisha taratibu kwenye mapengo, pengo fupi, pengo refu, refu zaidi. "Halijui ni saa ngapi. Linahesabu tu. Ukiliharakisha linapotea na halirudi lenyewe."*

*"Maskini."*

*"Nani?"*

*"Gurudumu." Kidole hakukitoa. Chini barabarani gari la farasi lilipita, vioo vikatetemeka, na wote wawili wakanyamaza mpaka lilipokwisha kabisa.*

Umesoma hapo ukaona vidole. Dalili imepita mbele yako imevaa nguo za mahaba. Afu tazama na ule mwisho, wananyamaza gari likipita, hiyo nayo ni taharuki bila hata kutaja polisi. Na lile neno la "ukiliharakisha linapotea" baadaye fundi atalikumbuka mara mbili, mara moja mbele ya saa ya marehemu na mara nyingine anapotaka kumlazimisha karani aseme alikuwa wapi.

Namna ya kuifanya hii kwenye stori yako: andika pembeni dalili zako zote, hata kama ni tano tu. Mbele ya kila moja andika sini ya mapenzi ambayo inaweza kuibeba. Dalili ya harufu? Iende kwenye sini ya kukumbatiana. Dalili ya mwandiko? Barua ya mapenzi. Dalili ya kovu? Najua umeshaelewa. Ikitokea dalili haiwezi kukaa kwenye sini yoyote ya mapenzi, mara nyingi ni dalili ya kuazima kutoka stori ya mtu mwingine, itupe.

Fanya na kinyume chake. Sini za upelelezi zibebe mapenzi. Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika, na mpelelezi anaishi kwa kusikiliza vikohozi. Inspekta anamhoji fundi, maswali yote ni ya saa, na katikati fundi anasema "huwa hanywi chai na sukari" kuhusu mtu ambaye eti anamfahamu kikazi tu. Kimya. Inspekta anaandika kitu kwenye daftari. Hatujui kaandika nini. Sini hiyo haina busu hata moja na ni ya mapenzi kuliko sura nzima ya kitandani.

Hatua ya tano: kila jibu liwe na bei

Taharuki ya fumbo inapanda kadri majibu yanavyopatikana, taharuki ya mapenzi inapanda kadri wawili wanavyosogeleana. Kosa la kawaida ni kuziacha zote mbili zipande pamoja, dalili imepatikana, wakafurahi, wakabusiana. Mara moja inafaa, mara nne inachosha. Mimi nafanya hivi: dalili ikiwasogeza karibu na muuaji, iwaachanishe wenyewe, na wakisogeleana wenyewe kesi iharibike.

Mfano fundi anagundua kwamba karani ana ufunguo wa droo ya mzee. Kwa kesi ni hatua mbele. Kwa mapenzi ni kisu, kwa nini hukuniambia? Sura inayofuata wanapatana, wanalala pamoja, na asubuhi mwenye nyumba anaona jozi mbili za viatu zisizofanana nje ya mlango. Mapenzi yamepanda, kesi imeshuka shimoni. Ukienda hivyo huhitaji kuhesabu kurasa za mahaba ni ngapi na za upelelezi ngapi, zitajipanga zenyewe. Ila kama unapenda kipimo nitakupa: usipitishe sura mbili mfululizo ambazo upande mmoja haujasogea hata kidogo. Sura mbili, sio tatu. Ya tatu msomaji anaenda kupika.

Na kwenye nusu ya stori, karibu na katikati kabisa, weka jambo ambalo haliwezi kurudishwa nyuma kwa pande zote mbili. Kwenye yetu karani anakamatwa. Mpaka hapo walikuwa wanatafuta muuaji kwa woga, sasa wanatafuta kwa sababu kamba ipo, na fundi kabaki peke yake na swali lake la shuka la baridi.

Hatua ya sita: barua, na kwa nini usiziogope

Kuna watu wanasema barua zimechakaa kwenye stori hizi. Mimi nasema hapana, zimechakaa kwa sababu zinatumika kivivu, yaani barua inapatikana, inasomwa, siri imetoka, basi. Zilikuwa ndo simu za wakati ule, toka 1840 Uingereza ulipeleka barua kwa senti moja ya kwao, na London walileta barua nyumbani mara kadhaa kwa siku, watu walikuwa wanagombana na kupatana kwa posta ndani ya siku moja. Kwenye kesi maarufu ya Boulton na Park, waliokamatwa 1870 wakitoka kwenye ukumbi wa michezo wamevaa nguo za kike, barua zao za mapenzi zilisomwa mahakamani kwa sauti mbele ya watu, na bado 1871 baraza likawaachia huru. Fikiria kukaa pale unasikia "mpenzi wangu" ikisomwa na karani wa mahakama kwa sauti ileile ya kusomea orodha ya vitu vilivyoibiwa. Hiyo sini haihitaji mauaji.

Na kama unataka kuona fumbo na mahaba vikiwa kitu kimoja kwenye maisha halisi, mtazame Anne Lister, mwanamke tajiri wa Yorkshire aliyekufa 1840. Aliacha shajara za maneno yanayokaribia milioni tano, na sehemu yake, ile ya wanawake aliowapenda, aliiandika kwa herufi za siri alizozitunga mwenyewe kwa kuchanganya Kigiriki na alama za hesabu. Baada ya miaka hamsini hivi ndugu yake mmoja na rafiki yake mwalimu wakakaa kuzivunja. Walipata herufi chache, afu wakakuta karatasi yenye sentensi ya Mungu ndiye… ikifuatiwa na neno la herufi nne, wakabahatisha kwamba ni "hope", yaani "tumaini" kwa Kiingereza, na mlango ukafunguka. Waliposoma kilichomo yule rafiki akashauri zichomwe moto. Ndugu hakuzichoma, alizificha nyuma ya mbao za ukuta. Hapo kuna kila kitu: msimbo, ufunguo, upelelezi, aibu, ukuta. Na ufunguo wenyewe ni tumaini, ungetunga wewe wangekuambia umezidisha.

Kwenye mfano wetu barua ndo jibu la shuka la baridi. Karani usiku ule hakwenda kuua. Alikwenda kuchukua barua za fundi alizokuwa amezifungia kwenye droo ya ofisi, kwa sababu mpwa alikuwa ameanza kupekuapekua. Alizichoma njiani na hakusema kitu, maana kumwambia mtu "nimechoma barua zako zote" sio rahisi hata kama ni kumwokoa. Kile kitu kilichomfanya aonekane muuaji kumbe ndo penzi lenyewe. Ukiweza kupata mgeuko wa namna hiyo, ambapo dalili mbaya kuliko zote inageuka kuwa ushahidi wa mapenzi, stori yako imesimama hata kama mengine yanayumba.

Hatua ya saba: wabaya wako

Fupi tu. Mtishaji wa siri akiwa ndo maiti, sawa, ila imefanywa sana, kwa hiyo mpe maisha mengine, awe na mama mgonjwa, awe na mbwa. Usimfanye muuaji awe mtu mwingine anayependa jinsia yake na aliyejichukia, hasa kama wapo watatu tu kwenye stori nzima. Na usimuue mpenzi mmoja ili mwingine apate machungu ya kutatua kesi. Hiyo ya mwisho nilishaifanya kwenye rasimu yangu ya kwanza na rafiki yangu aliyesoma alinirudishia karatasi bila kusema neno, kaandika tu juu ya ukurasa "tena?"

Inspekta ndo mtu wa kumwangalia vizuri. Akiwa mbaya tupu ni katuni, akiwa mwema anayeelewa kila kitu mwaka 1891 ni uongo mtamu. Mpe kazi nyingi, mpe uchovu, mpe sababu zake za kuangalia pembeni, mfano hataki kesi ya pili itakayoharibu ile ya kwanza anayoshinda.

Hatua ya nane: mlango ufungwe lini

Kuhusu sini za faragha, uandike kwa joto kiasi unachotaka, hilo ni lako. Ila usiiweke pale ambapo msomaji ana jibu la kesi mkononi, iweke pale ambapo ana wasiwasi. Wapenzi wanaovua nguo wakati ngazi zinalia chini ni sini. Wapenzi wanaovua nguo kesi ikiwa imeshakwisha na kila mtu yuko salama ni zawadi, na zawadi iwe fupi.

Hatua ya tisa: funga milango miwili kwa funguo tofauti

Kesi inafungwa hadharani, mapenzi yanafungwa faraghani. Ndo tofauti kubwa ya stori hizi na za wengine. Mbele ya mahakama fundi anaiwasha saa, inagonga mara kumi badala ya kumi na mbili, anaeleza magongo mawili yaliyomezwa, muda wa kifo unarudi nyuma mpaka saa ambayo karani alikuwa mezani na watu kumi wanamtazama. Karani anaokoka na hakuna aliyelazimika kutaja kitanda. Watu wanapiga makofi. Na wale wawili hawawezi hata kushikana mikono, wanapeana heshima kama watu wanaofahamiana kikazi, "asante bwana", "si kitu bwana". Hapo mwandishi asiharakishe.

Kama unaogopa mwisho mwema utaonekana wa uongo, soma habari za Eleanor Butler na Sarah Ponsonby waliotoroka kwao Ireland 1778 wakiwa wamevaa nguo za kiume, wakarudishwa, wakaondoka tena, wakaishi pamoja Llangollen, Wales, miaka hamsini, mpaka Butler alipofariki 1829. Watu wakubwa walienda kuwatembelea, wanaishi zao na bustani yao. Kwa hiyo yeyote akikuambia kihistoria lazima wafe, mwambie akasome.

Hatua ya kumi: soma tena ukiwa na kalamu mbili

Ukimaliza rasimu iache wiki mbili. Afu chukua kalamu nyekundu na ya bluu, pigia mstari mwekundu kila sentensi inayosogeza kesi na wa bluu kila inayosogeza mapenzi. Ukurasa mwekundu mtupu una shida. Wa bluu mtupu una shida. Unachokitafuta ni sentensi zenye mistari yote miwili, na ukizikuta nyingi kwenye theluthi ya mwisho ujue umefika. Zisizo na mstari wowote zifute, hata zile nzuri, hasa zile za kueleza vitambaa vya mapazia.

Sura ya mwisho ya huu mfano wetu niliiandika mara nne. Kulikuwa na maneno mengi ya kusameheana, karani anaeleza barua, fundi analia, kurasa sita hivi, na kalamu nyekundu haikugusa hata mstari mmoja. Nikafuta zote. Nikabakiza usiku mmoja juu ya karakana, inakaribia saa sita, safari hii karani ndo kalala na fundi yuko macho, saa zote za karakana chini zinajiandaa kugonga, na anashuka ngazi miguu mitupu, anazishika pendulumu moja baada ya nyingine kwa kidole, ili zisimwamshe mtu.